Pengo Kwenye Kofia ya Bwana Threlfall

Kofia ya Roland Threlfall ilijaa beji mbele na nyuma, zimebanana kama magamba ya samaki, isipokuwa juu ya jicho la kulia. Hapo palikuwa wazi, pa ukubwa wa kidole gumba. Asiyejua angedhani kuna beji imedondoka. Wanaojua, yaani uwanja mzima wa shabaha wa Furzedown, walifahamu kwamba beji hiyo haijawahi kuwapo. Ni ile ya bluu ya Mia ya Mwisho, wanayopewa wapigaji mia wanaobaki kwenye fainali ya Julai. Threlfall aliitengea nafasi tangu ujana wake, kama mtu aliyejenga banda la gari kabla hajanunua hata baiskeli.

Kwamba hajaipata halikuwa kosa lake. Hilo alilifafanua kila mwaka. Mwaka mmoja kosa lilikuwa la mkanda, ule unaofunga mkono kwenye bunduki usitikisike. Mwaka mwingine lilikuwa la jaketi: ngozi yake ilikuwa laini mno, mapigo ya moyo yakapenya hadi kwenye mtutu. Kisha ikawa glovu, kisha miwani, kisha mkeka wa kulalia, ambao kwa maneno yake mwenyewe ulikuwa "unampotosha". Na kweli, mtu mzima anapolala kifudifudi kwenye nyasi za Surrey, Uingereza, ili apige duara jeusi lililo yadi elfu moja mbele yake, kati yake na duara hilo kuna vitu vingi vya kulaumu, na vyote vinauzwa.

Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani wa halmashauri. Alizunguka madukani na masanduku ya mawe ya kupimia, akihakikisha kwamba ratili ya soseji ni ratili. Kazi hiyo ilimwachia imani moja: panapotokea tofauti, kifaa kina kasoro. Binadamu hakuwahi kumpima.

Mkewe, Mavis, hakupiga bunduki. Kila kiangazi alikaa mlangoni mwa karavani yao, nyumba yao ya magurudumu, pale uwanjani, akasoma hadithi za mauaji na kumenya viazi. Katika ndoa yao alikuwa ametunga sheria moja tu: kikiingia kimoja, kimoja kitoke. Aliitunga siku alipofungua kabati la mashuka akakuta darubini mbili zimelala chini ya foronya kama watu wasiotakiwa kuonwa pamoja.

Ndiyo maana Threlfall aliwapenda wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone: walioitunga methali hiyo hawakufika Furzedown, lakini angewaelewa mara moja. Kila mgeni aliyeingia Klabu ya Tillingfold, klabu yake pale uwanjani, alikuwa mlango wa kutokea kwa kitu, na kikitoka kitu, kingine kilikuwa na ruhusa ya kuingia.

Aprili ile mgeni alikuwa Bronwen Skerritt, mwanamke wa makamo mwenye saluni ya kunyoa mbwa. Alikuja Jumamosi ya mvua, akafunga mwavuli kwenye baraza la kibanda cha klabu, akauliza aanzie wapi. Wazee wote wakaweka vikombe vya chai chini kwa pamoja.

"Umewahi kushika bunduki?" Threlfall aliuliza.

"Hapana. Nimewahi kushika mbwa wa kondoo mwenye jipu sikioni."

"Hiyo ni dalili njema. Sasa, sikiliza. Kitu cha kwanza ni jaketi."

"Usimsikilize, dada yangu," alidakia Aubrey Lomax, daktari wa meno mstaafu, rafiki yake Threlfall wa miaka yote na mpinzani wake wa kila siku. "Siri ni mkanda. Jaketi hata la mvua linatosha."

"Siri ni mkanda! Tangu nimjue anasema siri ni mkanda, na bado anavuta kifyatulio kama anang'oa gego."

"Mimi wagonjwa wangu walirudi, Roland. Wewe risasi zako ukizituma hazijulikani zilipo."

Ilipofika saa ya mkate na nyama ya nguruwe, Bronwen alikuwa ameazimwa jaketi la mtu mwenye kitambi, glovu ya mtu mwenye vidole vifupi, kofia ya marehemu fulani, na mkanda wa Aubrey uliokwisha kukakamaa. Alisimama katikati ya kibanda kama kinyago cha kutisha kunguru. Wazee walimzunguka wakimkaza hapa, wakimlegeza pale, kila mmoja akifungua alichofunga mwenzake.

Furzedown ina utaratibu wake ambao haujaandikwa popote. Anayeanza huazimwa kila kitu. Anayeendelea hununua kila kitu. Aliyekomaa humgawia anayeanza vile vilivyomwangusha, akimtakia mafanikio.

Threlfall alimtazama Bronwen akiwa ndani ya jaketi lile, na wazo likamjia lenye uzuri kiasi kwamba aliliona kama wema. Angeitoa bunduki yake ya zamani kwa klabu ili mgeni aitumie. Kabati la chuma nyumbani lingebaki na nafasi moja. Na nafasi ikiachwa tupu, kila mtu anajua, chuma hushika kutu.

"Ni bunduki nzuri," alimwambia akimkabidhi. "Ina kasoro moja tu. Inavuta kushoto."

"Inavuta yenyewe?"

"Yenyewe."

"Kama mbwa," alisema Bronwen. "Haidhuru, tutazoeana."

*

Bunduki mpya ilifika Mei, na juu yake kilengeo kipya cha nyuma. Kilengeo ni kile kijicho ambacho mpigaji huchungulia. Kina skrubu mbili: moja ya kupandisha na kushusha, nyingine ya kupeleka kushoto au kulia, kwa sababu kwa yadi elfu moja upepo huichukua risasi kama unavyochukua kanga kwenye kamba. Upepo ukitoka kushoto, unalenga kushoto, nao upepo unairudisha risasi kati. Upepo ukitulia, unaizungusha skrubu mpaka sifuri. Ufundi wote wa mchezo uko hapo, na mikono ya Threlfall iliujua bila kumuuliza.

Kilengeo hiki kilitengenezwa na fundi wa ng'ambo ambaye alikuwa na maoni yake. Kwenye kile cha zamani, ukizungusha skrubu ya pembeni kuelekea kwako, risasi inakwenda kushoto. Kwenye hiki inakwenda kulia.

Mavis ndiye aliyesoma karatasi ya maelezo, akiwa amemaliza hadithi yake na hana nyingine.

"Roland, hiki kinazunguka kinyume."

"Najua."

"Bandika basi plasta uchore mshale. Ninayo hapa, ya vidonda."

"Mshale!" alisema Threlfall. "Mavis, mshale ni wa wanaoanza."

Mavis akairudisha plasta kwenye kopo. Kisha akasema lile jambo ambalo alikuwa akilikunja na kulikunjua tangu Krismasi. Kiangazi hiki kingekuwa cha mwisho. Magoti yake yalichoka na ngazi za karavani, na dada yake kule Cromer alikuwa na chumba kinachotazama bahari. Karavani ingeuzwa Agosti. Julai ijayo wangekula samaki na viazi ufukweni kama watu wengine.

Threlfall hakubishana. Aliivua kofia, akaitazama kwa muda, akaivaa tena. Kumbe alikuwa na Julai moja tu ya kuliziba lile pengo.

*

Julai ilikuja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Threlfall alipiga vizuri. Alipiga vizuri kwa yadi mia tatu, akapiga vizuri kwa mia sita, mpaka Aubrey akaanza kumpa heshima, jambo lililomtia wasiwasi. Kilengeo kipya hakikumsumbua. Siku zote zile upepo ulikuwa mwanana, na kila alipogusa skrubu aligusa kidogo, taratibu, akijikumbusha kwa midomo, "kinyume, kinyume," kama mtu anayevuka barabara katika nchi ya watu.

Bronwen naye alikuwapo, ndani ya lile jaketi la mwenye kitambi, na bunduki inayovuta kushoto. Kila jioni wazee walimpa ushauri mpya na kila asubuhi alisahau. Alipoulizwa alitumia hesabu gani ya upepo, alijibu, "Nilitazama bendera kidogo, nikakisia." Jibu hilo lilikaa kibandani kama harufu ya kitu kilichoungua.

Raundi ya mwisho ya mchujo ilikuwa ya yadi elfu moja. Threlfall na Aubrey walilala kwenye shabaha ya kumi na tano, wakipokezana risasi, huyu akipiga yule anamwandikia alama, kama ilivyo desturi, maana hapa hakuna anayeaminiwa kujiandikia mwenyewe. Kushoto kwao, kwenye shabaha ya kumi na nne, alilala Bronwen.

Upepo ulitoka kushoto alasiri nzima, bendera zote zimenyooka kama nguo zilizopigwa pasi. Threlfall alikuwa na alama saba kushoto kwenye skrubu yake, hakuzigusa, na risasi moja baada ya nyingine iliingia karibu na kitovu. Ikabaki ya mwisho.

Aubrey alikohoa. "Sitaki kukutisha."

"Basi usiseme."

"Lakini ukipata hata tatu umepita. Tatu, Roland! Hata bibi yangu."

"Aubrey, nakuomba."

"Nimenyamaza."

Bronwen naye alibakiwa na moja. Ili apite alihitaji tano, kitovu chenyewe. Hakujua, kwa sababu aliyemwandikia alama hakuwa akizijumlisha.

Threlfall akaweka shavu kwenye kitako cha bunduki. Akavuta pumzi, akaachia nusu. Hapo, kabla kidole hakijakaza, akaona bendera ya mbali ikilegea, halafu ya katikati, halafu zote zikaanguka kando ya milingoti yake. Akainua kichwa akachungulia darubini. Mazigazi, yale mawimbi ya joto yaliyokuwa yakikimbia kwenda kulia mchana kutwa, yalikuwa yamesimama yakichemka wima kama uji chunguni. Upepo ulikuwa umekufa.

Mtu mwingine angepiga tu. Yeye aliuona, aliuelewa, na alijua la kufanya, na katika uwanja ule wote hawakufika watano walioweza kuusoma upepo ule kwa haraka ile. Hilo lazima lisemwe, maana yeye mwenyewe alilisema mara nyingi baadaye. Saba kushoto zirudi sifuri. Mkono ukaenda kwenye skrubu, haraka kabla upepo haujafufuka, ukaizungusha mbele, upande wa siku zote: ta, ta, ta, mpaka saba.

Akavuta kifyatulio.

Kuna risasi ambazo mpigaji huzijua tangu zikiwa hewani. Hii aliijua. Bunduki ilirudi begani kwa upole, lile duara jeusi likiwa limetulia katikati ya kijicho. Akafumba macho.

"Hiyo imekwenda," alisema.

"Imekwenda wapi?" aliuliza Aubrey.

Kule mbele, shabaha ya kumi na tano ilikuwa imesimama pale pale, haijateremshwa. Waliomo kwenye handaki chini ya shabaha huishusha risasi ikipita, wakaziba tundu na kuonyesha alama. Ya kumi na tano haikutikisika. Ya kumi na nne, ya Bronwen, ndiyo iliyokuwa ikishuka.

Walingoja. Ya kumi na nne ilichelewa kupanda. Msimamizi wa mstari, Bi. Cresswell, mwanamke mrefu aliyevaa koti la mvua kiangazi na masika, alisikiliza redio yake ya mkononi, akaomba arudiwe, akaja na kusimama kati ya mikeka yao.

"Kumi na nne ina matundu mawili," alisema. "Moja liko pembeni kabisa, alama mbili. La pili liko kwenye kitovu. Katikati ya kitovu, wanasema. Wanauliza kama wanaweza kulipiga picha."

Bronwen akajiinua kwenye viwiko. "La pembeni ni langu. Niliona bendera zimelala, nikapunguza nusu hivi, nikakisia."

"Hatuwezi kujua."

"Mimi najua! Hilo zuri ni la mzee wangu hapa. Mpeni."

"Dada, hapa hatuulizi ni la nani. Tunauliza limetua wapi." Bi. Cresswell alisema hivyo kwa huruma, kama anayesoma wosia. "Kanuni ni ya zamani kuliko sisi. Shabaha ikiwa na matundu mawili, mwenye shabaha hupewa lililo bora. Kumi na nne, tano. Kumi na tano, sifuri."

Aubrey aliandika sifuri. Aliiandika ndogo sana, kwa upendo. Kisha akainama sikioni mwa rafiki yake.

"Roland. Ulizungusha upande gani?"

"Upande wa siku zote."

"Kwenye hicho kipya?"

Threlfall alikuwa akitazama skrubu. Ilisoma kumi na nne kushoto, wazi, kwa tarakimu nyeupe nzuri zilizochorwa na fundi wa ng'ambo. Alitaka kuzifuta saba, akazirudufu. Kwa umbali ule, hiyo ni tofauti ya shabaha moja na jirani yake, sawasawa kabisa, bila hata kuzidi kidole.

*

Kufikia saa ya chai habari ilikuwa imevuka uwanja mzima, na watu wa klabu nyingine walikuja kibandani Tillingfold kwa visingizio, kuazima sukari ambayo hawaitumii.

"Threlfall, nasikia risasi yako imefuzu na wewe umebaki!"

"Kesho itavaa suti?"

"Itamsalimia rais wa chama kwa niaba yako?"

Alicheka nao. Mtu aliyeishi maisha yake akiwafungia wauza nyama mizani anajua kuvumilia maneno. Mavis peke yake aliona kwamba kikombe chake kilikuwa kimejaa, na chai ilikuwa imepoa.

Fainali ilipigwa kesho yake. Bronwen alishika nafasi ya tisini na nane, kwa sababu upepo ulivuma kutoka pande zote na makisio yake yakaisha. Hakuhuzunika. Jioni alikuja mpaka mlangoni mwa karavani, jaketi likimpwaya, akanyoosha kiganja. Beji ya bluu ilikuwa humo.

"Ni yako," alisema. "Bunduki ilikuwa yako, na risasi yako. Mimi nilikuwa nimelala tu jirani."

Threlfall aliichukua. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyoidhania miaka yote hiyo, kitambaa tu na uzi. Aliisogeza karibu na kofia, karibu na pengo, na Mavis akaacha kumenya viazi.

"Haivaliwi na ambaye hakulala kwenye nyasi ile leo," Threlfall alisema hatimaye, akamrudishia. "Ulilala wewe. Tisini na nane ni tisini na nane." Kisha akaomba radhi, akaenda nyuma ya karavani kutazama kama mvua inakuja. Hapakuwa na wingu, na alikawia kurudi.

Aliporudi, Bronwen alikuwa ameondoka. Mavis alikuwa na kofia mapajani na sindano mdomoni. Juu ya jicho la kulia, pale penye pengo, palikuwa na kifungo: kifungo cha kahawia, kikubwa, cha sweta lake la zamani.

"Umefanya nini?"

"Nimeziba," alisema Mavis, akikata uzi kwa meno. "Nimelitazama tundu hili tangu nina kiuno. Nimechoka."

Threlfall alitaka kuking'oa. Lakini asubuhi, siku ya kufunga mizigo, mtu wa kwanza aliyemkuta bombani alikishangaa kifungo akauliza ni cha heshima gani, na Threlfall akajikuta anaanza, "Wewe unajua upepo unavyoweza kufa ghafla..." Wa pili alileta mwenzake. Saa nne kulikuwa na watu sita barazani kwa Tillingfold wanasikiliza, na miongoni mwa wale mia waliovaa bluu hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akisikilizwa na yeyote.

Hapo akaja kijana mmoja, fundi bomba kutoka Guildford, aliyejiunga wiki ile. Jina lake Fergus. Alisimama pembeni mpaka kicheko kilipokwisha.

"Bwana Threlfall, nimeambiwa nikuulize wewe. Nataka kuanza. Ninunue nini kwanza?"

Aubrey alifungua mdomo kusema mkanda, akaufumba. Mavis, aliyekuwa kitini na hadithi yake ya mauaji, hakugeuza ukurasa.

Threlfall alikigusa kifungo.

"Kofia," alisema. "Nunua kofia, kijana wangu. Vingine vyote azima."

Aubrey alimkazia macho kama aliyeona jino linaota upya. Fergus alishukuru, akageuka kwenda zake. Alikuwa amefika ngazi ya chini Threlfall alipomwita.

"Ila kama utahitaji kilengeo," alisema, akiinama kufungua sanduku, "ninacho kimoja, kipya kabisa, nakuachia bure. Kizuri sana. Kina kasoro moja tu. Kinavuta kushoto."

Fergus alikipokea kwa mikono miwili. "Kinavuta chenyewe?"

"Chenyewe kabisa," alisema Mavis, na kugeuza ukurasa.